Uzi Mwekundu Ukingoni

Abdulhamid aliuza nguo za nchi zote isipokuwa za nchi yake. Ukiingia dukani mwake, nyuma ya soko kuu la Makiso, mjini Kisangani, utakuta za Uchina, za India, za Togo, na zile zilizoandikwa Holland ukingoni ingawa kila mtu anajua hazijawahi kuiona Holland hata kwa picha. Aliyemsumbua kwa jambo hilo ni dada yake mkubwa, Sikujua, mfumaji wa kiwanda cha nguo, mwanamke wa mikono mipana na sauti ya juu. Mtu aliyezeekea katikati ya mashine hajui kusema polepole, hata akiwa msibani.

"Abdulhamid! Ya kwetu iko wapi hapa?" angeuliza toka mlangoni, kabla hata ya salamu.

"Ya kwenu iko kiwandani, yaya. Inangojea courant," Abdulhamid angemjibu dada yake, maana umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha.

Wateja walicheka. Sikujua naye alicheka, kwa sababu mdogo wake alikuwa na ulimi, na kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa na ukweli ndani yake. Kiwanda kilikuwa kimelala miaka mingi. Majani yaliota mpaka kwenye kizingiti na popo walijining'iniza juu ya mashine. Halafu kikafunguliwa tena, si chote, jengo moja tu la kufumia. Pamba ilitoka Uele kwa malori yaliyofika yamepakwa tope mpaka kwenye vioo, umeme ulitoka kwenye maporomoko ya Tshopo, na wafumaji wa zamani waliokuwa bado hai wakaitwa mmoja mmoja. Sikujua aliitwa akiwa anakaanga mikate mbele ya nyumba yake. Aliliacha karai hapo hapo, mafuta yakiwa bado ya moto.

Tangu siku hiyo kiwanda kilifuma drili, kitambaa kizito cha sare. Ilivaliwa na wanafunzi wa Kisangani na walinzi wa Kisangani, na mwisho wake ulikuwa hapo hapo Kisangani. Haikuwahi kuvuka kwenda nchi ya wengine. Hilo ndilo lililomkaa Sikujua kooni. Kwao walikuwa ukoo wa Waislamu waliokuja na misafara ya zamani, na hadithi zote za wazee wake zilianza na nguo: merikani nyeupe iliyobebwa vichwani kutoka pwani, miezi na miezi, mpaka kwenye mto huu, ikabadilishwa kwa pembe za tembo na kwa watu pia, ingawa hilo la watu wazee walilipitia haraka. Nguo ilikuja. Siku zote ilikuja. Ilikuja juu ya vichwa vya watu, ikaja kwa meli za Wabelgiji, na leo inakuja kwa makontena ya akina Abdulhamid. Sikujua alitaka, kabla macho hayajamwishia nguvu, aione moja inayotoka.

Bon. Nafasi ikaja, na aliyeileta ni Abdulhamid mwenyewe, tena kwa mzaha.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Bangui, nchi ya Afrika ya Kati, jina lake Chimène, aliyekuwa amepanda mto na baleinière yake, zile mashua ndefu za mbao zenye mota. Mizigo aliyoleta ilikuwa imekwisha na hakutaka kurudi na mashua tupu. Akaingia kwa Abdulhamid kutafuta kitambaa cha sare kwa mafundi cherehani wa kwao. Abdulhamid akamtandazia cha Uchina. Mama akakivuta kwa vidole viwili tu, kikalia kama kuku na kuchanika.

"Hii ni karatasi," akasema. Aliongea Lingala ya mtoni, na Kifaransa, na Kiswahili alichokuwa amekiokota njiani, vyote ndani ya sufuria moja.

"Alors, mama, kama unapenda kuona musée ya vitu vya zamani," Abdulhamid akasema, "nitakupeleka kwa yaya yangu."

Wakapanda toleka, baiskeli za kubeba watu, kila mmoja ya kwake, wakaenda. Kiwandani walipokewa na Octave, mkuu wa wafumaji, ambaye wote walimwita chef, mtoto wa wavuvi wa kule maporomoko ya Wagenia. Octave aliacha nyavu kwao lakini mto hakuuacha nje ya mlango. Ile naveti, kipande cha mbao kilichochongoka pande zote mbili kinachobeba uzi na kukimbia huku na huku ndani ya mashine, yeye aliiita bwato, yaani mtumbwi, na kiwanda kizima kikafuata. Ukipita hapo utasikia mama anapiga kelele kwamba bwato yake imepasuka, utadhani kuna watu wamekufa maji.

Chimène hakutaka kuonyeshwa ofisi. Alienda moja kwa moja mbele ya mashine ya Sikujua, akaikamata drili ikiwa bado inatoka, akaivuta, akainusa, akang'oa uzi mmoja ukingoni na kuutafuna.

"Nani amefuma hii?"

"Mimi," Sikujua akasema kwa nguvu zote, mashine zikiwa zinanguruma.

"Sijauliza mutu wa Lubunga, ngambo ya mto, mama. Niko hapa karibu."

Wafumaji wakacheka mpaka bwato moja ikakosa njia. Chimène akatoka nje na Octave, na Sikujua akawafuata bila kuitwa, na Abdulhamid akamfuata dada yake.

"Nakamata," Chimène akasema. "Nakamata mpaka baleinière inajaa. Lakini musikilize muzuri. Ikiwa premier choix, ya daraja ya kwanza, tunaandika jina ya mboka yenu, muji wenu, juu ya kila robota. Kisangani, kwa herufi kubwa, kila mutu wa Bangui asome. Ikiwa deuxième choix, ya pili, ninaiingiza ndani ya magunia bila jina, nitaiuza pamoja na vitu vingine. Mimi jina yangu haitembei na nguo mubovu. Na yenu pia haitatembea nayo. Nitakuja kutazama mwenyewe mbele hamujashona marobota."

"Kisangani kwa herufi kubwa," Sikujua akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Kuanzia hapo kiwanda kilifanya kazi kama nyumba inayongoja arusi. Octave akaamua pia kwamba jora la kwanza, lile litakalokaa juu kabisa ya robota la kwanza, ambalo watu wa Bangui watalifungua kabla ya yote, litoke kwenye mashine ya Sikujua. Sikujua hakuomba, lakini hakukataa pia. Aliwaambia majirani. Aliwaambia wanawake wa msikitini. Alimwambia muuza makayabu sokoni, ambaye hakuwa ameuliza kitu ila kama alitaka samaki mzima au nusu.

Sasa hapa ni lazima ieleweke namna watu hawa wanavyofuma, la sivyo yaliyofuata hayatakuwa na maana. Umeme ukikatika, mashine inasimama katikati ya pumzi. Nyuzi za mtande, zile ndefu zinazotoka nyuma kuja mbele, zinabaki zimevutwa. Courant ikirudi ukawasha tu, mshindio, ule uzi unaopita kwa upana, unakaa vibaya. Ama unabanana ama unaachana, na hapo panabaki mstari. Kwenye kitambaa kibichi huuoni. Kikiingia kwenye rangi, unatokea kama kovu.

Kwa hiyo kiwandani kulikuwa na adabu. Courant ikienda, hakuna anayekimbilia nje kupunga hewa. Kila mmoja anazunguka nyuma ya mashine yake na kulegeza mtande, kama vile mtu anavyomlegezea mgonjwa mkanda. Anachukua ndoano ndogo na kufumua nyuzi za mwisho mpaka afike penye mstari safi. Courant ikirudi, anazungusha gurudumu kwa mkono, anapitisha bwato kwa mkono, polepole, mpaka nguo ikubali. Kisha anafunga kipande cha uzi mwekundu ukingoni, pale pale, ndipo anawasha.

Uzi huo ulianzishwa na marehemu Papa Lukumani, aliyewafundisha wote, ili anayekagua nguo ajue pa kutazama. Lakini miaka ilivyopita ukawa mchezo, na mchezo ukawa heshima. Unafunga uzi wako mwekundu, unamwita jirani: njoo, tafuta! Jirani anapitisha kidole, anainamisha kichwa, anafumba jicho moja. Akikosa kuuona mstari, unatembea ukumbini siku nzima kama mama wa bwana arusi. Mahali pengine mfumaji anaonea aibu pale mashine iliposimama. Hawa walipapamba.

Sikujua alikuwa hodari wa mchezo huo, na hakuna aliyewahi kuona mstari wake. Ila siku ile ya mwisho, jora la heshima likiwa limebakiza kipande kidogo tu likatwe, courant ikakatika. Alilegeza mtande vizuri. Alifumua. Courant ikarudi upesi kuliko walivyozoea, mashine za wenzake zikaanza kuitikia moja baada ya nyingine, na Colette, jirani yake, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, akapiga kelele: "Mama Sikujua, Bangui inakungojea!" Sikujua akaona akilini jora lake likiwa limekwisha, liko juu ya robota, watu wanalifungua. Akazungusha gurudumu mara chache kuliko alivyopaswa. Mkono wake ukafunga uzi mwekundu wenyewe, kwa mazoea, na akawasha. Aliposhusha jora alipitisha kidole pale. Kidole kikamwambia. Akalikunja.

Chimène akaja kutazama, asubuhi, na Abdulhamid nyuma yake akiwa amevaa kanzu safi, kwa sababu sasa biashara ilikuwa imekaribia kuwa kweli na alitaka ionekane kwamba alikuwa na imani nayo tangu mwanzo. Milango mikubwa ilifunguliwa ili mwanga uingie. Majora yalipangwa juu ya meza ndefu. Rangi nyeusi ya kuandikia ilikuwa tayari ndani ya kopo, na bati lililotobolewa herufi za KISANGANI lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Chimène akakunjua jora la kwanza alilofikia. Akasimama. Akakunjua zaidi. Akachukua la pili.

"Hii nini?"

"Hii nini wapi?" Octave akauliza.

"Hizi nyuzi nyekundu, chef. Hapa moja. Hapa ingine. Na hapa." Uso wake ulikuwa umebadilika. "Mimi ninanunua nguo tangu ningali binti. Uzi kwenye ukingo, njo vile kiwanda inamwambia munuzi: hapa iko kasoro, utusamehe. Hamukuweka moja. Mumeweka kama pilipili."

Wafumaji walikuwa wamevaa vizuri siku hiyo. Wengine walikuwa wamesuka nywele.

"Tutatoa," Octave akasema haraka. "Madame, ni uzi tu. Colette, leta mikasi. Tunatoa zote, mbele ya saa sita hauoni hata moja."

"Papa, ukitoa kitambaa juu ya kidonda, kidonda inapona?" Chimène alianza kukunja jora. "Deuxième choix. Sikasiriki. Nitaichukua, nilisema nitaichukua. Lakini ndani ya magunia. Bila jina."

Sikujua alilitazama lile bati ukutani. Bila jina. Nguo itatoka kweli, lakini itatoka kama mwizi, imefunikwa. Akasogea mbele, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia anasema polepole.

"Madame Chimène, kwetu uzi haisemi hivyo. Kwetu inasema: hapa courant ilienda, mutu akarudi nyuma, akafumua, akarekebisha. Weka kidole. Utafute."

Chimène akaweka kidole, kwa heshima ya umri. Akainua kitambaa kwenye mwanga wa mlango. Akageuza. Akaenda kwenye uzi wa pili.

"Sioni," akakiri. "Bon. Lakini hii ni bichi, mama. Bichi inaficha. Mafundi wangu watatia rangi ya bluu, na kama mustari iko, itatoka mbele ya wateja wangu, si mbele yenu. Nani ataniambia kwamba mulirekebisha fasi yote, kila pahali?"

"Yote!" Octave akasema. "Mama Sikujua, mwambie. Yote."

Macho yote yakamgeukia. Neno lilikuwa fupi, na lilikuwa mdomoni tayari. Na angelisema, huenda mama wa Bangui angeliamini, kwa sababu alikuwa akitaka kuamini. Mashua yake ilikuwa tupu na drili aliipenda. Jora la heshima lilikuwa pale mwisho wa meza, limefungwa utepe na Colette. Sikujua alilitazama. Alifikiria fundi mmoja huko asikokujua, anachovya kitambaa ndani ya pipa la bluu, anakitoa, na mstari unaanza kujionyesha, na juu ya robota limeandikwa jina la mji wake kwa herufi kubwa.

Akaenda mwisho wa meza. Akafungua utepe. Akalikunjua jora mpaka karibu na mwisho, akalibeba mikononi hadi mlangoni, akaliinua juani.

"Yote isipokuwa hapa. Hapa haikurekebishwa muzuri. Ni mimi nilifuma."

"Mama Sikujua, unatuua!" Octave akasema.

"Nyamaza, mutoto ya Wagenia. Hakuna aliyekufa."

Chimène akaja karibu. Alipitisha ukucha, na ukucha ukakwama kidogo tu, kama gari linalopita juu ya mzizi. Kisha akamtazama Sikujua badala ya kitambaa.

"Hii njo ile jora ya juu? Ile mulisema ya heshima?"

"Njo hii."

"Na unanionyesha."

"Nilifanya haraka. Nilitaka kufika Bangui mbele ya wenzangu." Sikujua aliteremsha mikono, kwa sababu jora lilikuwa zito. "Zingine hazikufanyiwa haraka. Fungua yote. Kila uzi mwekundu, utafute. Ukipata mustari, tunakata hapo hapo, na wewe usiandike jina juu ya ile kipande. Lakini usiwawekee hawa magunia kwa sababu yangu."

Chimène akavua saa yake, akampa Abdulhamid aishike, akapandisha mikono ya blauzi.

"Fungua," akasema.

Wakafungua. Siku nzima ilikwenda hivyo. Chimène alishika upande mmoja, mfumaji mwenyewe wa jora akashika upande wa pili, na wakaenda nalo mlangoni kwenye mwanga, uzi baada ya uzi. Mwanzo kulikuwa na hofu na watu walikuwa wanatembea kwa vidole. Halafu mchezo wa zamani ukaingia bila kuitwa. "Tafuta, madame, tafuta!" Colette alianza kuimba, na wengine wakaitikia. Chimène akafumba jicho moja. Akalala chali chini ya kitambaa kwenye sakafu ya saruji ili atazame kutoka chini, na viatu vyake vizuri vikabaki nje kama vya mtu anayetengeneza lori. Alipokosa, alitukana kwa lugha ya kwao, Kisango, na hakuna aliyeelewa ila wote wakafurahi. Alipopata mstari, na alipata, mfumaji mmoja akasema mbele yake, "Naona, madame, kata," na akaleta mikasi mwenyewe. Kisha ikatokea jambo: wafumaji wakaanza kujikagua kabla hajafika. "Hii ya kwangu, ninaitilia mashaka." "Hii, njoo tuitazame pamoja." Vipande vilivyokatwa vikawekwa pembeni. Havikujaza hata kapu la soko.

Mchana walikula lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kukaangwa aliyeletwa na shangazi zake Octave kutoka maporomoko. Wote walikuwa weupe kwa vumbi la pamba, nyusi na nywele, hata Abdulhamid, ambaye kanzu yake ilikuwa safi asubuhi na ambaye sasa alikuwa akibeba majora kama kuli.

"Yaya," alimnong'oneza dada yake akiwa anatafuna, "sikujua kwamba nguo ni mambo mengi hivi."

"Unauza nguo tangu ulipooa."

"Ninauza. Kufuma sijawahi kuona."

"Mlango ulikuwa wazi, Abdulhamid. Ni wewe ulikuwa unaniletea watu ya kuona musée."

Akacheka mpaka lituma ikamkwama, na Sikujua akampiga mgongoni kwa ule mkono mpana, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kulikuwa na jambo moja bado. Kila mahali Chimène alipotafuta na kukosa, alikuwa akiuchomoa ule uzi mwekundu na kuutia mfukoni, kwa sababu wateja wake wangeuliza. Jua lilipokuwa limeshuka hata mwanga ukaingia wa njano hadi katikati ya ukumbi, alifika kwenye jora la mwisho, la Colette. Alitafuta. Akakosa. Akashika uzi achomoe, akauacha.

"Hapana," akasema. "Hii inabaki. Na zile nilizotoa, muzirudishie. Nitawaambia mimi watu ya Bangui maana yake. Drili ya Uchina haina mutu anayesema: hapa nilirudi nyuma."

Akazitoa mfukoni, kifundo kizima cha nyekundu kilichosokotana, akakiweka juu ya meza. Octave akaangalia kifundo, akaangalia majora, akakamata kichwa.

"Zote, madame? Leo?"

"Chef, ni wewe ulisema mbele ya saa sita hauoni hata moja. Sasa nionyeshe."

Kelele iliyopigwa hapo ilisikika barabarani. Wafumaji walizigawana nyuzi kama karanga na kuzifunga tena, kila mmoja kwenye nguo yake, na walijua pa kuzifunga kwa sababu kila mmoja alipajua pake. Sikujua aliwasaidia wengine. Yeye la kwake lilikuwa limeondolewa juu ya robota, na juu pakawekwa la Colette.

"Usilie, mama na ngai, mama yangu," Colette alimwambia. "Nitakutumia salamu toka Bangui."

"Nani analia? Ni pamba imeniingia machoni."

Ilikuwa pamba, kwa sehemu. Kulikuwa na maumivu, asiseme mtu kwamba hayakuwapo. Alikuwa amewaambia watu wengi, na yule wa makayabu angeuliza. Lakini Octave alipoliegemeza lile bati juu ya robota la kwanza na kuchovya brashi ndani ya kopo, akageuka na kumpa brashi yeye. Sikujua alipaka herufi baada ya herufi, akahakikisha rangi inafika pembeni. Bati lilipoinuliwa, ukumbi mzima ukasoma kwa sauti moja, hata wale wasiojua kusoma.

Asubuhi iliyofuata lori lilitangulia na kushusha marobota libongo, mahali pa kutia nanga mashua, kwenye mchanga kandokando ya baleinière, karibu kabisa na maji, halafu likaondoka. Sikujua alifika nyuma yake kwa toleka, akiwa amefunga kilemba chake kipya. Aliposhuka kwenye baiskeli juu ya ukingo wa mto, alikutana na mstari wa wapagazi wanaopanda mlima kwa jasho, kila mmoja na robota la drili kichwani, wanaelekea sokoni.

"Eeh! Eeh! Munaenda wapi na hiyo?"

Aliyeongoza mstari, mzee mmoja mwenye shingo kama mti, aliyeitwa Lambert, hakusimama. "Sokoni, mama. Pisha."

"Rudisha! Hiyo inaingia ndani ya baleinière!"

"Mama, mimi nabeba nguo hapa libongo tangu sijaota ndevu," Lambert akasema kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni. "Nguo inashuka kwa mashua, inapanda mulima, inaingia sokoni. Hakuna njia ingine."

"Soma basi juu yake!"

Lambert alishusha robota polepole, akalizungusha, akaweka kidole chini ya herufi. "Ki-sa-nga-ni." Akamtazama. "Donc? Kisangani njo hapa. Imefika."

Wapagazi nyuma yake wakakubali kwa sauti kwamba imefika. Sikujua alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka chini kabisa ya tumbo, kikamtikisa mpaka kilemba kikalegea, na alilazimika kumshika Lambert bega asianguke.

"Haikufika, papa," akasema alipopata pumzi, na sauti yake ikarudi ile ya kiwandani, ikavuka maji mpaka Chimène akachungulia kutoka ndani ya mashua. "Imetoka! Tumeifuma sisi. Inaenda Bangui."

Lambert akafikiri. Alitazama jina, akatazama mto, akatazama mlima aliokuwa amekwisha kuupanda nusu. Kisha akaligeukia kundi lake.

"Bana! Mumesikia mama? Tugeuke. Leo nguo inashuka!"

Wakageuka pale pale mlimani, wakigongana na kutaniana, na wakateremka kwenda majini na marobota vichwani.